Chupa Iliyomtangulia Mtoto

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini Burungu, chupa ya kunyonyesha iliingia nyumbani mwetu mwezi mzima kabla ya mtoto mwenyewe. Papa ndiye aliyeileta. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mkulima wa pareto, na mke wa mzungu huyo alimpa chupa ya watoto wake waliokwisha kukua. Kwetu tuliiita biberoni. Ilikuwa ya kioo kizito, na chuchu yake ya mpira ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Mama aliifunga katika kitambaa cheupe, akaiweka juu ya sanduku la nguo.

Papa hakuileta kwa kujionyesha. Kabla ya mimba hiyo Mama alikuwa amezaa mtoto wa kiume, akashikwa na homa siku ileile, na maziwa hayakutoka. Mtoto alilia siku sita. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka kulia kwake, na kwamba siku ya saba nyumba ilinyamaza. Papa hakuwahi kuzungumza juu ya siku hizo. Alileta chupa, basi.

Mara hii Nyanya, mama yake Mama, alikuja kutoka msituni, upande wa Walikale, ili awepo wakati wa kuzaa. Alitembea siku tano. Hata miguu haijakauka matope, aliuliza kuna nini ndani ya kile kitambaa. Mama akakifungua. Nyanya hakuigusa ile chupa.

“Mutoe hii kitu mu nyumba,” alisema. “Titi iko na wivu. Ikiona chupa inangojea mutoto, inasema mutoto huyu iko na mama mwengine. Inafunga.”

“Ni ya kuweka tu, Mama,” Mama alijibu. “Kama maziwa itakosa.”

“Njo ile ninakatala. Musiiweke.”

Nilikuwa na miaka minane, au tisa, na niliyaamini maneno hayo kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza. Tangu siku hiyo nilipopita karibu na sanduku nilifunika kifua changu kwa mikono, ingawa hapakuwa na kitu cha kufunika.

Papa hakuitoa chupa. Wala Nyanya hakuweza kumkalisha na kumwambia, maana kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawakuzungumza uso kwa uso. Kila mmoja alimwepuka mwenzake kwa heshima. Nyanya alipokuwa na neno aliniambia mimi, nami nikampelekea Papa nje, chini ya ukingo wa paa alipopenda kukaa. Papa alinijibu, nikarudi ndani na jibu. Niliipenda kazi hiyo. Niliona kwamba nimekuwa mtu mkubwa.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakampa jina la Sifa. Siku ya kwanza Mama alimweka kifuani, hakukuwa na kitu ila matone machache mazito ya rangi ya manjano. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Sifa alianza kulia tangu alfajiri, na Papa hakwenda kazini. Alikuwa anatembea uani, anasimama, anatembea tena. Mwishowe aliniita.

“Ingia uniletee ile biberoni. Na uende kwa Mama Anastazi, akupe maziwa.”

Mama Anastazi alikuwa jirani yetu. Watu wa nyumba yake walifuga ng'ombe kwenye kilima cha ng'ambo na waliuza maziwa.

Niliingia. Nyanya alikuwa amepiga magoti mbele ya Mama, anayashika matiti yake kwa vidole, polepole, kama anayepima maembe. Nikamwambia nimetumwa nini. Alinivuta mkono.

“Ambia baba yako titi itakasirika,” alisema. “Na umuambie angoje mpaka kesho. Matiti imeanza kuwa ngumu. Kesho asubui maziwa itakuja. Umesikia? Kesho asubui.”

Nilisikia. Nilitoka mbio, na Papa alikuwa amesimama palepale, uso wake siwezi kuueleza. Nikamwambia, “Nyanya anasema titi itakasirika.”

“Ni ile tu anasema?”

Nami nikajibu, “Ni ile tu.”

Sijui kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi, na sijapata zaidi ya hili: la titi kukasirika lilinitisha, likajaa kichwani, na lile la kesho lilikuwa neno la kawaida tu, halikukaa. Papa alitikisa kichwa. Kwake hayo yalikuwa maneno ya wazee wa msituni. Aliingia mwenyewe mpaka penye sanduku, jambo ambalo hakupaswa kulifanya, Nyanya akageukia ukuta, na Papa akachukua chupa.

Niliiosha kwa maji ya kijito. Hakuna aliyeniambia niyachemshe. Sifa alinyonya maziwa ya ng'ombe mpaka macho yakafumba, na Papa akakaa chini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake asubuhi maziwa ya Mama yalikuja. Yalilowesha nguo yake mpaka tumboni. Nyanya alimweka Sifa kifuani, lakini alikuwa ameshiba, alilamba kidogo akalala. Alipoamka na kulia, Papa alinituma na chupa tena, maana sasa alikuwa anaiamini. Ikawa hivyo kila siku. Chuchu ya mpira ilikuwa rahisi, Sifa akakataa kuhangaika na titi. Baada ya majuma mawili kifua cha Mama kilikuwa kimelegea, hakina kitu. Kwangu neno la Nyanya lilikuwa limetimia kama alivyolisema.

Kisha Sifa akaanza kuharisha. Papa na Mama walimbeba kuelekea hospitali ya Kirotshe. Walifika Sake, njiani, wakarudi. Niliwaona wakipanda njia ya kwetu mchana, jua kali. Mama alikuwa amemfunga Sifa mgongoni kama kawaida, ila mikono yake mwenyewe ilining'inia. Hakuwa anamshika kwa nyuma. Nikajua. Nyanya naye alijua, akaingia ndani kutandika mkeka. Sikulia. Nadhani hakuna aliyelia siku hiyo, hata Mama. Tulikula viazi vya jana.

Nyanya hakusema, “Niliwaambia.” Baada ya maziko alirudi Walikale, na Papa alimsindikiza mpaka mtoni, akitembea nyuma yake kwa mbali. Wote wawili walikufa bila kujua kwamba kulikuwa na nusu ya maneno iliyobaki kwangu.

Nilielewa nilipozaa mimi. Siku ya tatu sikuwa na maziwa. Mume wangu akauliza kama atafute biberoni, ya kuweka tu. Mama, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda changu, alisema, “Ngoja kesho,” na kesho yake yalikuja.

Ndipo nikamweleza Mama. Nilimweleza yote: uani, swali la Papa, jibu langu, maji ya kijito. Alisikiliza hali anakunja nepi. Nilingoja aseme neno kubwa, la kunihukumu au la kunisamehe.

“Ulikuwa mutoto,” alisema. Halafu akanyoosha mkono. “Mushike vizuri, kichwa yake inaanguka.”

Nikamshika vizuri. Hatukulizungumza tena. Papa alimwogopea Sifa kwa sababu alikwisha kuona mtoto akifa njaa, na Nyanya alijua maziwa yangekuja, na kati yao nilikuwa mimi, niliyechagua neno la kutisha nikaacha lile la kungoja. Watu huniambia mtoto hana kosa. Nawaitikia. Nimelibeba jambo hili muda mrefu mno hata halina uzito tena, wala sijui kama huko ndiko kusamehewa.