Kioo cha Benki na Vumbi la Mashudu

Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, mwanangu, hata kanisani katikati ya mahubiri, mpaka watu wananigeukia. Siku hiyo nilikuwa juu ya rundo la magunia ya mashudu, yale makapi ya mbegu wanayolishwa ng'ombe, kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, na chini yangu amesimama mzee ambaye neno lake moja tu lingetosha kunioza mke au kuniacha kapera. Lakini tusianze chakula na tonge la mwisho. Keti. Nimesikia unaacha benki uende kuanza ukarani wa hesabu pale Igoma, na nimesikia pia kwamba unawaficha wazazi wako. Ndiyo maana nimekuita.

Mimi nami nilikuwa mtu wa benki, usinione hivi. Keshia! Shati jeupe, tai nyekundu, nimekaa nyuma ya kioo na kiyoyozi kinanipuliza kisogoni. Nilikuwa nimepanga hapo hapo Igoma, na mama mwenye nyumba alikuwa akiniita Meneja. Sikumsahihisha. Nani anasahihisha jina tamu? Watoto wa mtaani wakiniona wanaimba "Benki! Benki!", na mimi natembea kifua mbele kama jogoo aliyeonja pombe ya mtama.

Ila kazi yenyewe, nikwambie ukweli, ilikuwa ni kunyoosha mkono. Mtu anasogea, napokea karatasi yake, nagonga muhuri, nampa chake, halafu nasema, "Anayefuata!" Siku nzima hivyo. Zile fedha sikujua zimetoka shamba gani wala zinakwenda kujenga nini. Jioni nilikuwa nasomea uhasibu, na kila nilivyozidi kusoma ndivyo kile kioo kilivyozidi kunibana. Nilitaka kujua mali inazaliwa wapi, inakua vipi na inapotea kwa mlango gani. Basi kiwanda cha Nyakato kilipotafuta msaidizi wa mhasibu, mtu wa chini kabisa wa kukusanya karatasi na kuzipanga, nikaomba. Nikapata. Mshahara ukashuka, tai ikaenda sandukuni, na Meneja akanunua baiskeli.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Nilikuwa na mchumba. Alikuwa anaitwa Kabula, mwalimu wa shule ya msingi karibu na nilipopanga, binti wa Sengerema, mwenye kicheko unachokisikia kabla hujamwona mwenyewe. Nilimpenda, mwanangu, sioni haya kusema. Mshenga wangu alikuwa ameshavuka ziwa na barua ya posa. Enzi hizo ni pantoni, pale Kigongo, unasubiri mpaka unamaliza mhogo wa kuchoma na habari zote. Nyie siku hizi mnapita darajani hata maji hamyaangalii. Barua ilipokelewa vizuri na baba yake, Mzee Masunga, mfugaji na mkulima wa pamba. Lakini jibu halikuja. Si ndiyo, si hapana. Mwezi ukaingia, mwezi ukatoka. Nikajiambia, kama wamesita kumpa mtu wa benki, je, karani wa mashudu watampa hata maji ya kunywa?

Kabula aliniambia, "Mwambie baba mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Mficha uchi hazai, Sospeter."

Nikamjibu, "Ngoja kwanza nipande cheo." Kiburi hicho! Nilikuwa hata wiki sijamaliza.

Basi nikaanza kazi, na nikaianza vibaya. Nilipewa meza ndogo kwenye kona ya ofisi, nikaipangusa, nikaweka kalamu, nikakaa wima. Nikasubiri watu walete karatasi za mzani, karatasi za ghala, risiti za mafuta ya gari. Nilishazoea, mwanangu, kwamba watu huja. Wanapanga mstari wenyewe, tena kwa unyenyekevu. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita. Hakuna hata nzi. Wiki ikaisha meza iko safi kama ya bwana harusi, na hesabu za mwezi zimelala.

Mkuu wangu alikuwa Mama Koku, mhasibu wa kiwanda, Mhaya wa Bukoba, mwanamke mrefu anayetembea kama barabara ni yake na anayesema Kiswahili cha kuchonga. Akaja akasimama mbele ya meza yangu, akaiangalia ile meza, akaniangalia mimi.

"Waitu, Sospeter. Unasubiri foleni?"

Nikasema, "Hawajaleta karatasi, mama."

"Hawataleta. Hapa hakuna kioo, na hapa wewe ndiye mwenye shida. Inuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha kwako kipo ghalani, kipo mzanini, kipo kwa dereva aliyelala chini ya lori. Nenda ukakifuate. Tena usinianzie na 'lete karatasi'. Anza na salamu."

Nikainuka na uso umenivimba kwa aibu. Nikaenda ghalani kwa Otieno, mtunza ghala, Mjaluo wa Rorya mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio katikati ya ziwa. Nikasahau nilichoagizwa muda ule ule, nikamwambia, "Naomba karatasi za wiki."

"Omera," akasema, "hata mwizi hubisha hodi kwanza."

Vijana wa kubeba magunia wakaangua kicheko. Na mimi, sijui ilikuwaje, nikacheka nao. Nikatoka nje ya mlango, nikabisha hodi, nikaingia upya, nikaanza na "Habari za asubuhi, kaka, umeamkaje, watoto hawajambo?" Otieno akanipa karatasi zote, na juu yake akanipa kipande cha muwa.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutembea. Kila asubuhi nazunguka kiwanda kizima. Akina mama wanaochambua mbegu nawaamkia Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," wananijibu kwa kuimba kama ilivyo desturi yetu Wasukuma, wananiuliza nitaoa lini. Nilijua kwa nini lori fulani linakunywa mafuta kuliko mengine, na kwa nini mashudu hupanda bei majani yakikauka malishoni. Hesabu nilizokuwa nazisoma jioni kwa kusinzia zikawa na watu ndani yake. Nilikuwa na furaha, mwanangu! Nilirudi nyumbani nanuka mafuta ya pamba, napiga mluzi juu ya baiskeli. Lakini kila nikifika mlangoni namkumbuka Mzee Masunga, mluzi unakatika.

Halafu mshenga akaniletea habari. Mzee ameshasikia kwamba nimetoka benki. Anavuka Jumamosi kuja kuniona hapo hapo kazini, kwa macho yake, ndipo atoe jibu.

Usiku sikulala. Asubuhi nikaenda kwa Mama Koku. Yeye alikuwa na chumba chake, na ndani yake kiti kikubwa cha kuzunguka, cha ngozi. Nikajikaza, nikamwambia, "Mama, nina ombi. Jumamosi baba mkwe anakuja. Naomba uniazime kiti chako na chumba chako kwa saa moja tu. Nitavaa tai."

Akavua miwani. "Nguo ya kuazima," akaanza, halafu akajikohoza, maana alikuwa mtu wa kwaya na methali ile inaishia pabaya. "Unajua inavyomalizika. Kiti nitakuazima, mwanangu, hakina uzito. Lakini huyo mzee akikupa binti, atakuwa amempa mtu wa kwenye hiki kiti. Jumatatu mimi narudi kukaa. Wewe utamrudishia nani binti wa watu?"

Nikageuka niondoke, akaniita.

"Na binti mwenyewe anasema nini?"

"Anasema nimwambie baba yake ukweli."

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya. "Basi kumbe mwenye akili yupo. Toka, nenda kazini."

Nikatoka nimekunja mkia. Niliona kama amenifungia mlango wa ndoa. Leo najua kwamba aliufungua, ila kijana akikatazwa hasikii kingine.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuhesabu mali yote ghalani. Nilipofika niliwakuta wazee kadhaa wa ng'ombe wameshakaa kwenye benchi la mzanini, wanasubiri kuuziwa mashudu. Nikawasalimia kama ilivyo kawaida, nikauliza kama wamepata chai, hawajapata, nikamwomba mama wa jikoni awapelekee, nikaenda zangu ghalani. Nikavua shati, nikabaki na fulana, nikapanda juu ya magunia. Kazi ile huwezi kuifanya ukiwa chini, maana magunia ya nyuma yanajificha. Otieno yuko chini anaandika, mimi juu nahesabu kwa sauti, vijana wanasogeza.

Nikasikia sauti ya kizee mlangoni: "Sospeter ni yupi hapa?"

Vijana wakajibu kwa pamoja, wajinga wale, kwa furaha kabisa: "Huyo hapo juu!"

Nikageuka. Mzee mmoja wa benchini, mwembamba, kofia pana, fimbo mkononi. Kando yake mshenga wangu, aliyekuja kumfuata, amekunja uso kama aliyemeza ndimu. Nikajua. Nilisahau kwamba wafugaji hawatembei kwa kalenda. Mzee alikuwa na ng'ombe wa kulisha, kaona heri amalize mawili kwa safari moja.

Yesu wangu! Mkwe wangu chini, mimi juu yake nimevaa fulana iliyotoboka. Na shikamoo haitolewi kutoka juu ya magunia. Nikataka kushuka kwa heshima, gunia likateleza, nikashuka kwa makalio mpaka miguuni pake, na vumbi likanifuata kama mchumba. Otieno alicheka mpaka akaketi. Nikainama pale pale nilipoangukia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanitazama. "Sisi tumeshaonana."

"Hapana, baba, nisamehe. Ningekukumbuka."

"Usingenikumbuka. Hukuniangalia." Akaegemea fimbo yake. "Barua yako ilipofika nilivuka, nikaja mpaka benki. Nilitaka kumwona kijana anayemtaka Kabula. Nikapanga mstari, nikafika kwenye kioo, nikakwambia mwangaluka. Ulinyoosha mkono ukachukua karatasi, ukagonga muhuri, ukasema, 'Anayefuata.' Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yake kwamba kijana mikono anayo, macho sijayaona. Ndiyo maana hukujibiwa."

Miezi yote ile nilidhani tai yangu ndiyo inayoniombea. Kumbe ndiyo ilikuwa ikinisemea vibaya! Nikasema, "Baba, nimekosa," na machozi yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavu yangu.

"Subiri, sijamaliza. Leo nimekaa pale mzanini, na bila tai sikukutambua. Umepita, umenisalimia na hunijui, umeniuliza kama nimekunywa chai. Nikawauliza akina mama wale, huyu ni nani? Wakaniambia, huyu ni mtoto wetu wa hesabu." Akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Mtu wa kwenye kioo sikuwa na binti wa kumpa. Huyu wa mashudu, mwambie mshenga wake alete wazee tuzungumze."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka vigelegele vya akina mama wa mbegu, na Otieno akipiga debe la mafuta kama ngoma, na Mama Koku ametoka ofisini na miwani mkononi, anajifanya ana hasira kwamba kazi imesimama huku anacheka. Mzee Masunga aliondoka na mashudu yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyeyabeba mpaka kwenye gari.

Kabula akawa mama yenu huyu unayemsikia jikoni, ambaye kila nikisimulia anasema naongeza chumvi. Siku ya harusi Mama Koku alituletea zawadi iliyofungwa kwa kitenge. Tukafungua: kiti. Cha mbao, kizito, cha fundi wa Igoma. Akasema mbele ya watu wote, "Hiki si cha kuazima." Ndicho nilichokalia sasa hivi, na nilikikalia mpaka nikawa mhasibu mkuu wa kiwanda kile na mpaka nikastaafu.

Basi, mwanangu, shika haya. Usione haya kuanza chini. Mwenye aibu ya kuinama hufa njaa na chakula kipo mvunguni. Leo jioni nenda ukawaambie wazazi wako ukweli, tena kwa kinywa chako, kwa sababu wanaokupenda wanatafuta uso wako, na wewe unawaonyesha tai. Ukifika kazini usikae kusubiri foleni. Inuka, ufuate kazi iliko, na kabla hujaomba karatasi ya mtu, msalimie na umtazame machoni. Hujui ni mkwe wa nani.

Mungu akupe miguu ya kuwafuata watu na macho ya kuwaona. Akupe kiti chako mwenyewe, hata kiwe kigoda, na akupe mwenzi anayekwambia ukweli mapema. Kazi ya mikono yako iwe na vumbi, na nyumba yako iwe na kicheko. Haya, inuka uende sasa, kabla usiku haujawa mwingi. Baba yako bado yuko macho.