Blanketi la kutokea

Juzi, katika duka la mablanketi hapa Tunduma, mama mmoja wa makamo aliweka kwenye kaunta blanketi la mtoto mchanga, bado limo kwenye nailoni yake.

"Nibadilishie, mwanangu. Nipe shuka jeupe."

Muuzaji akaligeuza. "Mbona hata halijafunguliwa, mama?"

"Lilikuwa la kutokea." Akaipangusa ile nailoni kwa kiganja. "Mjukuu wangu alizaliwa kabla ya miezi yake. Nesi akaomba nguo kavu haraka, asipate baridi. Nikatoa kitenge nilichojifunga, kilikuwa kimelowa mvua. Hili nikalificha lisichafuke, maana nilitaka siku ya kutoka hospitali watu wamwone nalo."

Muuzaji akakunja shuka jeupe la sanda, akaweka blanketi juu yake, akamsogezea vyote. "Mfunike na hili, mama."

Mama akalitazama. "Litaingia udongo," akasema.

Tunajuana. Hata kwangu zimo kabatini sahani za wageni ambazo hazijawahi kuonja wali. Mgeni huyu mchanga aliwahi kufika, akatukuta bado tunamtunzia.