Dada Yangu Hakuzaliwa Hivyo

Juzi nilikuwa nyumbani Ekalakala kwa harusi ya binamu. Mgeni mmoja akamwangalia dada yangu, mkono wake wa kushoto umejikunja kifuani, akaniuliza, "Huyu alizaliwa hivyo?" Chakula kilinishinda.

La, rafiki yangu. Hakuzaliwa hivyo.

Tulikuwa watoto, wakati wa kuvuna mbaazi. Jikoni kwa susu, ndivyo tulivyomwita nyanya, muthokoi ulitokota tangu asubuhi, mahindi na maharagwe yakinukia hadi kwenye zizi. Dada alijikwaa kwenye kuni, sufuria ikampindukia. Susu akammwagia maji ya mtungi, yote, yale tuliyoyateka mbali na kuyabeba kwa punda. Jirani akaja mbio na bakuli.

"Mpake unga, susu!"

"Toka na unga wako! Huyu ni mtoto, si chapati!"

Kwenye zahanati gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa, limeoshwa, linang'aa. "Haina mafuta," dereva akasema, akaendelea kuchokoa meno. Aliyetupeleka hospitali ni Msomali mfanyabiashara wa mifugo. Aliwashusha mbuzi wake kutoka kwenye lori, akawaacha barabarani bila kuombwa mara mbili.

Huko, siku ya kubadilisha bendeji, zilikuwa zimegandamana na nyama, na dawa ya maumivu ilikuwa imeisha. Muuguzi alizibandua huku mwenyewe akilia. "Vumilia, mami." Avumilie nini? Mtoto! Mama alitoka nje, akashika ukuta.

Daktari alimtoa ngozi ya paja akaiweka mkononi, nayo ikashika. Akasema mkono ufungwe ubao wa kuunyoosha, na afanyishwe mazoezi kila siku. Ubao haukuwepo. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyeletwa badala yake. Wakaturudisha nyumbani. Kovu likaanza kuvuta, mkono ukajikunja polepole, sisi tukitazama. Kanisani wakatuambia, "Mshukuruni Mungu, yuko hai." Tulishukuru. Lakini nani aliulizwa kuhusu ule mkono?

Susu amekufa, jiko lake limebomoka, mvua imelaza kuta. Zahanati imepakwa rangi mpya. Nilipita pale nikauliza, mtoto akiungua leo mtafanya nini? "Tutamwandikia aende Machakos," wakanijibu. Kwa gari gani, hawakusema.

Unajua, dada ndiye aliyekuwa bingwa wa kuruka kamba kijijini kwetu. Aliizungusha mwenyewe, akiimba, hadi tukachoka kumhesabia. Kamba inataka mikono miwili. Aliporudi kutoka hospitali aliitazama tu ukutani, na siku iliyofuata mama akaichukua akafungia mbuzi.