Siku Niliyofunga Tenti kwenye Gari la Wageni

Kuna watu wa Paya ambao hata leo wakiniona napita na baiskeli wananiuliza kama nimefunga mizigo yangu vizuri, halafu wanacheka mpaka wanashika magoti, na wana haki yote. Kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe, maana wenzangu wanaongeza mengi (wapo wanaodai suruali yangu ilinivuka mbele ya wageni, si kweli, ilikuwa kofia).

Mimi ni mtu wa Busia mjini, mpakani mwa Uganda na Kenya, ukoo wa Kiislamu, marehemu baba alisafirisha samaki na mimi nanunua mahindi huku nauza kule, lakini ukinichunguza vizuri utaona kazi yangu hasa ni kubishana bei. Nabisha hata bei ya kitu nisichotaka, ili ulimi usipoe. Mke wangu Adikini ni Mpadhola wa Paya, vijijini upande wa Uganda, na kwao mkwe na mama mkwe hawakaribiani: hamshikani mikono, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si chuki, ni heshima. Tangu nioe, mama mkwe wangu hakuwahi kunisemesha. Akitaka nipewe chai alimuuliza binti yake, "Yule amekunywa?" Yule ndiye mimi.

Basi msimu ule wa mavuno nilikuwa Paya nakusanya mahindi, ikatangazwa kwamba maafisa wa mipango watatoka mji mkuu kuja kutusikiliza. Nchi imejiwekea malengo ya miaka mingi mbele, wakasema, tuwe na viwanda, shule nzuri, kila mtu na kipato chake, sasa wanapita kuwauliza wananchi ni hatari gani zinazoweza kuyaangusha malengo hayo kabla hatujayafikia. Kila parishi, yaani kata ya vijiji kadhaa, itoe msemaji mmoja. Parishi ya kina Adikini ikamchagua mama mkwe.

Na alikuwa na la kusema. Barabara ya chini, ile inayokatiza bondeni kwenda kituo cha afya, ilikuwa na kalvati ya zamani, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, iliyoziba, na mvua ikinyesha saa moja tu bonde lote linakuwa ziwa. Mwaka uliopita shemeji yangu Athieno, mdogo wake Adikini, alishikwa na uchungu siku ya mvua, akajifungulia majanini ng'ambo hii ya maji, kituo kikionekana ng'ambo ile, bati lake linang'aa. Mtoto hakupona. Tangu hapo mama mkwe hakuitaja habari hiyo kwa mtu, mpaka alipopewa nafasi ya kuisema mbele ya wanaopanga. Kila jioni aliirudia hotuba yake jikoni, na mimi nimekaa nje juu ya magunia, mgongo nimeuelekeza jikoni kama desturi inavyotaka, nikaisikia mpaka nikaanza kuiota.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita. "Baba Shakila, wewe si mtu wa kubisha bei? Tutafutie tenti."

Kichwa kikavimba. Nikavuka mpaka kwenda kwa Wanyama, anayekodisha tenti upande wa Kenya.

"Tenti, vijana wangu wa kuisimamisha, na vyuma vya kuchimbia chini," akasema Wanyama. "Bei ndiyo hiyo."

"Na tenti peke yake?"

"Tenti peke yake ni kitambaa, bro. Kitambaa hakisimami."

"Paya kuna miti."

"Upepo ukija?"

"Upepo haujaalikwa."

Akanitazama kwa huruma, akanipa kitambaa changu, na mimi nikarudi Paya najiona nimewaokoa wananchi.

Asubuhi ya mkutano tukaisimamisha kwenye uwanja wa shule. Kona moja nikaifunga kwenye mfenesi, ya pili kwenye nguzo ya goli, ya tatu kwenye jukwaa la tangi la maji, na kona ya nne ikabaki inapepea kwa sababu upande huo hapakuwa na kitu. Ndipo wageni wakafika na gari lao, jeupe, zito, likaegeshwa pale pale nilipohitaji mti. Nikasema moyoni, hii serikali yenyewe imekuja kushika kona. Nikafunga kamba chini ya bampa, fundo la gunia lile ambalo halifunguki mpaka ulikate. Dereva alikuwa amekwenda kula. Nitamwambia akirudi, nikajisemea, kisha nikaanza kuhesabu viti, na nikishaanza kuhesabu (mara ya kwanza kwa kujua, mara ya pili kwa kuamini) sikumbuki hata jina langu.

Mkutano ukaanza vizuri. Afisa mkubwa, bwana mpole mwenye miwani, akaeleza kwamba hatari mbaya si ile unayoiona inakuja, bali ile uliyoifunga mwenyewe ndani ya mpango wako ukadhani ni nguvu. Nilitikisa kichwa kukubaliana naye. Nyuma yake wingu lilikuwa limepanda kutoka upande wa Busitema, jeusi kama sufuria ya msiba.

Mwenyekiti akatangaza kwamba msemaji anayefuata ni mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa mbele na akina mama, na njia ya kufika kwenye maikrofoni ilipita pale niliposimama. Nikaona niondoke kwa adabu, nikazunguka haraka nyuma ya rundo la viti vya akiba nikainama. Yeye naye aliniona nimesimama njiani, akaona azunguke kwa adabu, akapita nyuma ya rundo lile lile kutoka upande wa pili. Kwa hiyo tulikutana huko, watu wawili tunaokimbiana, ana kwa ana, karibu kuliko tulivyowahi kuwa.

Wakati huo huo dereva, akiwa ameshiba na ameona mvua, aliwasha gari alipeleke mahali pa juu.

Sikuliona likiondoka. Nilichosikia ni nguzo ya goli ikilia, halafu mchana ukafutika. Tenti ilituangukia wote, maafisa, madiwani, maikrofoni, ikaanza kutembea, maana dereva alidhani uzito ule ni mchanga akaongeza mafuta. Rundo la viti likanisukuma, nikamsukuma mama mkwe, tukaanguka chini tumefungwa kwenye kitambaa kimoja kama sambusa, na mvua ikaanza kupiga juu yetu.

"Nani huyu?" sauti ikauliza gizani.

Nisingeweza kumjibu, desturi hairuhusu.

"Nauliza, nani ananikalia mguu?"

"Ni yule, mama," nikasema.

Nadhani hata mvua ilisikiliza.

"Basi toa goti yako, yule."

Watu walipoifunua tenti, parishi nzima pamoja na wageni kutoka mji mkuu walituona tulivyolala, mkono wangu umeshika bega la gomesi yake, vazi la heshima la akina mama (nilikuwa nashika chochote), na kofia yangu iko chini ya kisigino chake. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Wote wakakimbilia darasani, isipokuwa mama mkwe. Alisimama nje chini ya paa, ameupa mlango mgongo, maji yanamchuruzika. Mkwe akimgusa mama mkwe namna ile, wazee lazima wakae na mbuzi achinjwe, na kabla ya hapo mama mkwe hawezi kusimama mbele ya watu. Nikamwambia Adikini nitaondoka mimi, niende hata mpaka Tororo kwa miguu, mama aingie aseme.

"Hata ukienda Kampala hataingia," akasema Adikini. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amengoja mwaka mzima. Na wageni wakiondoka, mpango unafungwa. Wewe umeharibu, Baba Shakila. Wewe utasema."

"Mimi sijui kusema mambo hayo."

"Unaijua hotuba yote. Unaisema usingizini."

Nikasimama mbele ya ubao, suruali imeloa, kichwa wazi, nikakohoa. Nikaanza na barabara ya chini, nikaenda vizuri, ila mazoea ni ugonjwa, na mimi nikiomba kitu naomba zaidi ili nishushwe. "Kwa hiyo tunaomba madaraja matatu," nikasema.

"Kalvati," ikasema sauti dirishani. "Moja."

Darasa likageuka. Kwenye dirisha lisilo na kioo ulionekana mgongo wa mama mkwe tu, na kitambaa cha kichwa kilicholoa.

"Kalvati moja," nikasema. "Kubwa sana, pana kama..."

"Ya kawaida."

"Ya kawaida. Kwa sababu mwaka uliopita palitokea," nikasema, na hapo nikakwama, maana lilikuwa jambo la nyumba yao, na Athieno alikuwa amekaa dawati la nyuma anatazama mikono yake. Hotuba nzima niliijua, lakini sehemu ile sikuweza kuitoa.

Basi akaisema mwenyewe, mgongo bado umetugeukia, akiuambia uwanja na mvua.

"Mumesema hii nchi itakuwa tajiri wakati watoto wetu watakuwa wazee. Sawa. Lakini mutoto wa binti yangu hakufika hata jioni. Aliona majani, akaona mvua, akarudi. Mimi sikatai mipango yenu. Nasema tu, hiyo mipango ikija Paya itapita barabara ya chini, na maji itaikata."

Mtoto mmoja akapiga chafya. Afisa mwenye miwani alisogea dirishani, akainama kidogo, naye hakujaribu kumwona uso. "Mama, kalvati ya kwanza iliwekwa na serikali. Nani aliiacha ikaziba?"

Akafuta maji usoni. "Ni sisi," akasema. "Tulitupa maganda ya miwa, na magunia."

"Tukiweka mpya, nani ataiangalia?"

"Yule," akasema mama mkwe. "Huyo ako mbele yenu. Sasa ako na deni yangu."

Hapo darasa lilicheka, likacheka mpaka madawati yakasogea, na afisa akaniuliza jina langu na kuliandika, akanionyesha ameliandika, eti mimi ndiye msimamizi.

Mbuzi nilimpeleka wiki ile ile. Mzee wa ukoo alipomtaja mbuzi wa aina gani, Adikini alinitazama akingoja nianze kubisha. Sikubisha, niliomba tu nimchinje mwenyewe, awe halali. Naye Wanyama nilimlipa fidia ya tenti yake, ambayo alisema kwa matundu sasa ni neti ya goli.

Kalvati mpya haijaja. Imeandikwa, tumeambiwa, na mambo yaliyoandikwa yana mwendo wake. Ile ya zamani ndiyo nimekuwa nikiichimbua pamoja na wanaume wa pale, kila mvua zinapokaribia, tunatoa matope na maganda na viatu vya watu. Watu wakipita wananisalimu, "Bwana Msimamizi, umefunga vizuri?"

Juzi mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, nilikuwa bondeni na koleo nikaona watu wawili wanakuja polepole chini ya mwavuli mmoja. Alikuwa Athieno, tumbo kubwa, anakwenda kupimwa, na mama yake amemshika kiwiko. Nikaingia majanini haraka kama inavyotakiwa, nikageuka, lakini siwadanganyi, nilichungulia. Maji yalikuwa yanapita chini, yanavuma, juu barabara ni matope tu. Walipofika katikati mama mkwe alisimama, akapiga chini kwa mguu, mara moja, halafu tena kwa nguvu zaidi. Kisha akamvusha binti yake.

Bei nitaendelea kubisha, ndiyo riziki yangu. Ila kitu kinachoshikilia watu, kamba, chuma, simenti, hicho nauliza bei nalipa, na nikishalipa natikisa kuona kama kinashika.