Siku Sauti ya Mama Ilipozimwa

Sauti ya mama yangu ina mwenyewe, na huyo mwenyewe si mimi wala si dadangu mdogo. Ni mwanamume aliyekula kwetu Dandora kuliko nilivyokula mimi, maana mimi nilikuwa na kiburi cha kususa chakula, na yeye hakuwahi kususa sahani hata siku moja. Nitalisema kama lilivyo. Akilisoma, alisome.

Alikuwa produsa wangu. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kwenye ploti yetu: magodoro ukutani ya kuzuia kelele, kompyuta ya mtumba, maiki moja. Yeye anatengeneza biti, mimi naimba. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona yunifomu za shule mlangoni petu, na akishona lazima aimbe. Nyimbo za Kikamba alizozitunga mwenyewe, za kumsema mteja aliyepotea na deni la sketi, za kumsifu mtoto wa jirani aliyepita mtihani. Hakuandika hata moja.

Asubuhi moja huyu bwana alinipitia twende tukarekodi, akamkuta mama anaimba. Akasimama pale kizingitini, akatoa simu.

"Mathe, naweza kurekodi hiyo?"

"Rekodi tu, mwanangu," mama akasema, mguu haujaacha pedali. "Lakini usiniwekee zile kelele zenu."

Akaziweka, bila shaka. Ule mlio wa cherehani akaugeuza kuwa mapigo ya wimbo, sauti ya mama akaiweka mwanzoni, nami nikaingia katikati na maneno yangu. Tulipomaliza nilijua, na nilijua bila wivu, kwamba atakayependwa hapa si mimi. Ni mama.

Sasa sikiliza kosa langu, maana lipo na sitalificha. Siku hizi wimbo haupelekwi kwa mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka. Unafungua akaunti kwenye kampuni ambayo hutaona mlango wake, inaishi mtandaoni, nayo inausambaza wimbo kila mahali pa kusikiliza kwa siku moja. Akaunti inataka barua pepe moja na laini moja ya simu, na kila ukiingia namba za kuthibitisha zinatumwa kwenye laini hiyo. Na huku Eastlands, upande wetu wa Nairobi, laini ya nani inakaa? Leo umenyang'anywa simu, kesho umeiweka rehani, keshokutwa una namba mpya. Kwa hiyo kila kundi huchagua mtu mmoja ambaye laini yake haipotei, na wote mnajiandikisha kupitia kwake. Mnagonga gota, ngumi kwa ngumi, yamekwisha. Ukidai karatasi, umemwita rafiki yako mwizi.

Simu yangu ilikuwa imenyakuliwa wiki hiyo. Yake ilikuwepo. Tukakaa mezani kwa mama, yeye ananisomea maswali ya fomu. Nani mmiliki wa rekodi? Je, mfumo umkamate mtu yeyote duniani atakayeitumia sauti hii bila ruhusa? Mimi nilikuwa nachovya mandazi kwenye chai.

"Weka jina lako," nikasema. "Kwani sisi si kitu kimoja?"

Mjinga mimi! Hata chai ilikuwa haijapoa.

Wimbo ukashika. Vinyozi wa mtaa wa Pipeline waliucheza kutwa nzima, watoto wakaucheza kwenye zile video fupi, wakipiga mguu chini kama wanaoshona. Mama aliona haya na kufurahi kwa pamoja. Mwanzoni, kwenye wimbo, jina langu lilikuwa kando ya la produsa. Siku moja nikaangalia, halipo.

"Majina mengi yanachanganya mfumo, dadangu," akaniambia. "Nitalirudisha."

Nikameza. Akahamia Donholm, kwenye nyumba yenye geti na askari, lakini Jumapili alikuwa anarudi kwetu kula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Ukambani. Mama alimpakulia kabla yangu. Nikinuna, ananiambia, "Wacha wivu, huyo ni kakako." Nami nilikuwa na wivu, ni kweli, lakini wivu hauondoi kwamba jina langu halikurudi.

Halafu mama akaugua, na haukuwa ugonjwa wa kukawia. Ndani ya wiki tano tulikuwa tunachagua jeneza. Dadangu mdogo yuko Saudia, anafanya kazi za nyumba, na mwajiri wake alikataa katakata kumpa ruhusa. Akanipigia akilia, akaniomba kitu kimoja tu: ibada irushwe laivu, aione na kuisikia, awe kama yuko nasi. Nikamwahidi, na ibada tukaiweka Ijumaa. Mwanakwaya mmoja akasimamisha simu kwenye stendi mbele ya kanisa, ndugu wa huko mbali wakaingia, na dadangu akawa wa kwanza.

Produsa alikaa benchi la mbele na sisi. Tulikuwa tumemwandika kwenye programu ya ibada, kwenye orodha ya watoto wa marehemu. Mimi ndiye niliyeiandika kwa mkono wangu.

Zamu yangu ya kusema ilipofika nilienda mbele. Nikaweka simu kwenye maiki nikacheza ile rekodi ya kwanza aliyowahi kunitumia produsa, kabla haijaguswa: mama peke yake na cherehani yake. Wuui! Kanisa lote liliangua kilio. Wanawake waliomjua walianza kuitikia, na mimi nikalia kilio ambacho kilikuwa kimekataa kutoka tangu hospitali.

Nilivyorudi kuketi, simu ilikuwa na ujumbe wa dadangu. "Sauti imekatika. Naona midomo tu." Ukafuata mwingine: "Kila kitu kimepotea." Nikafungua ukurasa wetu wa ibada mtandaoni. Badala ya mama kulikuwa na maandishi: video hii imezuiwa, ina sauti inayomilikiwa na mtu mwingine. Nilisoma hayo jeneza likiwa hatua nne kutoka nilipokaa. Nikamtazama produsa. Alikuwa anajipangusa machozi kwa leso, na naamini yalikuwa machozi ya kweli. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kama angekuwa anaigiza.

Baada ya mazishi nilimtumia dadangu ile rekodi kwa simu. Akaniambia asante, lakini sicho alichotaka. "Nilitaka kulia na nyinyi," akasema. "Nirudishie ile ibada, na sauti yake." Nikamtafuta produsa, nikampata nyuma ya hema, ameshika sahani ya pilau.

"Ifungulie," nikamwambia. "Ni kubonyeza tu, najua."

"Ni mashine, dadangu. Haijui matanga."

"Basi wewe unayeyajua iambie."

Akaiangalia sahani. "Ile ngoma nilishaiuza. Iko kwa kampuni sasa, pamoja na haki zake zote."

"Umeuza ngoma. Na mama je?"

"Mama yuko ndani ya ngoma," akasema polepole, kama mtu anayenifundisha.

Haki ya Mungu nilitamani kumwagia ile pilau. Lakini watu walikuwa wanapita, na shangazi zangu walikuwa wanamwita mwanetu.

Nikaandika pingamizi. Na unajua pingamizi linapelekwa kwa nani? Kwa yule yule anayedai. Mfumo unamuuliza, eti huyu anasema si yako, wewe waonaje? Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Nikaambatanisha cheti changu cha kuzaliwa chenye jina la mama, cheti cha dadangu, na kibali cha mazishi. Nikangoja wiki tatu, dadangu ananiuliza kila Ijumaa, siku yake ya kupewa simu.

Jibu lilikuja na adabu zake zote. Ombi limekataliwa. Kampuni ilinunua rekodi kwa nia njema, na ushahidi ndio huu: tamko alilotia sahihi muuzaji siku ya mauziano. Nikalifungua. Ile sahihi naijua, ina mkia mrefu. Juu yake imeandikwa: sauti ya mwanamke inayosikika ni ya marehemu mama yangu mzazi, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee.

Ijumaa nikamsomea dadangu. Akacheka kicheko kibaya. "Kumbe mimi na wewe tuliokotwa wapi?" Nikaanza kutukana, nikamtukana produsa, kampuni, na waliobuni mtandao wote. Dadangu akaniacha nimalize.

"Soma tena," akasema. "Marehemu? Ana tarehe?"

Tarehe ilikuwepo chini, sikuwa nimeiangalia. Ilikuwa ya mwaka uliotangulia kifo cha mama, mwezi wa nane. Mwezi wa nane mama alikuwa mzima kabisa. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, alikuwa anashona kutwa, na alienda Gikomba kwa miguu yake kununua kitambaa cha kaptula. Jumapili zote nne za mwezi huo huyu mtu alikuja, akanawa mikono, akapakuliwa na marehemu.

 Dadangu alikata simu, na sikumlaumu.

Nikampigia produsa. Alipokea mara moja.

"Niaje, dadangu."

"Mama alikufa lini?"

 Nikasikia mlango ukifungwa huko aliko.

"Yalikuwa makaratasi tu," akasema.

Hakuuliza nazungumzia nini.