Historia ya Marehemu Mama

Mama alifariki Alhamisi asubuhi, na kabla turubai halijafungwa uani kwetu Kasingirima dada yangu alikuwa ameshagawa kazi. Wajomba, kaburi. Majirani, masufuria na kuni. Mimi, historia ya marehemu ya kusomwa kanisani Jumamosi. Hakuna aliyeuliza kama naiweza. Niliwahi kutoa kitabu kimoja, na kwetu kitabu kimoja kinatosha kukuita mwandishi mpaka uzeeni.

Wasichojua ni kwamba nilikuwa na miaka sijaandika kitu. Nakaa, naandika sentensi, naifuta, nafunga kompyuta, natafuta mtu wa kupiga naye soga. Mama alijua. Wageni wakiuliza kitabu cha pili kiko wapi, yeye ndiye aliyekuwa akiwahi kujibu: “Kinapikwa. Ninyi mna njaa ya nini?” Kwangu hakuuliza hata siku moja.

Nikafungiwa chumbani kwake ili nipate utulivu. Nje niliwasikia wakiwanyamazisha watoto: “Kimya, mjomba anaandika.” Hata waombolezaji walipunguza sauti walipopita dirishani. Yaani mama yangu amekufa na watu wanashindwa kumlilia kwa raha yao kwa sababu yangu. Nilijichukia.

Niliandika kwamba alizaliwa Simbo. Hapo nikakwama. Kila sentensi iliyofuata ilinuka ufundi, ikinitolea mwanamke mpole, mvumilivu, mwenye tabasamu. Mama yangu hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa akiwaamkia watu “Mwakeye” kutoka barazani kwa sauti ya kugombana, na ole wako usiitikie. Hilo nililijua vizuri, lakini nikishika kalamu linakufa. Nikachana karatasi, nikaanza nyingine, nikaichana nayo.

Ijumaa nikatembea mpaka ufukweni Kibirizi, nikidhani ziwa litanifungua. Wanawake walikuwa wakigeuza dagaa mchangani. Nilipokuwa mdogo Mama alinituma pale, nikarudi na dagaa wamejaa mchanga, akanirudisha nao mpaka kwa muuzaji na kumsuta mbele ya watu. Nikajiambia, andika hilo tu, hilo linatosha. Nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka jua likanichoma utosi. Sikuandika hata neno. Nikalia pale, kilio cha hasira, si cha msiba.

Niliporudi, shangazi alinipokea na chai.

“Mwandishi, umemaliza?”

“Namalizia, shangazi.”

“Usituumize sana, baba. Mimi nina presha.”

Jumamosi kiongozi wa ibada alitangaza kwamba sasa tumsikilize mwanawe, mwandishi wetu. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi. Shangazi akaandaa leso. Nikasimama pembeni ya jeneza, nikasoma: alizaliwa Simbo, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto wawili, alisumbuliwa na kifua, alifariki. Amina.

Nikakunja karatasi. Kanisa zima lilibaki likinitazama, na kiongozi wa ibada akanisogelea taratibu, akidhani nimezidiwa. Nikarudi kwenye benchi letu.

“Ndiyo hiyo tu?” dada akaninong’oneza.

“Ndiyo hiyo tu.”

Akasogea nipate pa kukaa, na kwaya ikaanza kuimba kabla ya zamu yake.