Wageni Weupe wa Mijakaranda

Asteria amefagia stendi ya Mbinga kwa miaka kumi na nne. Alizaliwa Lipingo, kando ya ziwa, akaolewa huku juu kwenye baridi. Mumewe alipofariki, akaomba kazi ya ufagio akaipata, na mpaka leo anaipenda. Mchana hupumzika chini ya mijakaranda tisa iliyo mbele ya maduka, akila mihogo yake na kusalimiana na wapita njia.

Mwaka juzi, mwezi wa Mei, majani ya miti hiyo yalianza kuwa meusi. Watu wakasema ni vumbi la malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka. Asteria naye aliamini hivyo, mpaka siku alipopangusa jani moja na kidole kikanata. Vumbi gani linanata? Akainamisha tawi. Upande wa chini palikuwa na vidudu vyeupe, vimeshikamana kama chenga za mchele, na sisimizi wakipanda na kushuka.

Mzee Fakihi, mwenye duka la vitenge, alikuwa amechoka. Majimaji ya vidudu yalidondokea vitambaa alivyotundika nje.

"Mama Asteria, hii miti ikatwe. Barua kwa halmashauri nimeshaandika."

"Mzee wangu, nipe wiki moja tu. Nimlete mtu wa kilimo aione."

Herieth, afisa ugani wa kata, alikuja na pikipiki yake. Alitazama matawi, kisha akachuchumaa kwenye maua yaliyozunguka mashina.

"Haya yametoka wapi?"

Asteria alimweleza. Maua yale aliyanunua mwenyewe wakati wa Pasaka, kwa muuza miche aliyepita na gari, akayapanda ili stendi ipendeze. Herieth aligeuza jani la ua moja. Nalo lilikuwa limejaa vidudu vyeupe.

"Vimeingia na miche hii, mama. Ni vigeni hapa mjini, ndiyo maana vimezaana hivi. Na huu weusi ni ukungu unaoota kwenye majimaji yao."

Hapakuwa na mwingine aliyesikia. Asteria angeweza kunyamaza. Lakini jioni hiyohiyo alikwenda dukani.

"Shikamoo, mzee. Vidudu nimevileta mimi, kwa maua yangu."

Mzee Fakihi aligeuka, mita ya kupimia vitambaa ikiwa bado mkononi.

"Marahaba. Ulikuwa unatupambia, mama. Hukujua." Akaikunja ile mita. "Haya, tunaanzia wapi?"

Walianza kwa kung'oa maua yote na kuyachoma. Matawi yaliyozidiwa yakakatwa. Bernadi, mkulima wa kahawa, aliwaazima bomba lake la kupulizia dawa. Alitaka kutia dawa ya kahawa, Herieth akamkataza: ingeua na wadudu wanaowala hao weupe. Basi bomba likaoshwa mara tatu, likatiwa maji ya sabuni. Kila Jumamosi, kabla basi la kwanza halijaondoka, Asteria alipulizia chini ya majani huku Mzee Fakihi ameshika ngazi na kulalamika kwamba analoana. Mashina wakayafunga vitambaa vilivyopakwa grisi, sisimizi wasipande kuvilinda vidudu vile.

Miti miwili haikupona. Siku ilipokatwa, Asteria alifagia pale polepole kuliko kawaida. Ile saba ilitoa majani mapya, masafi, na barua ya Mzee Fakihi haikufika popote.

Siku hizi abiria akishuka na miche, Asteria huweka ufagio chini na kumfuata. Wiki iliyopita alikuwa mama mmoja wa Kingerikiti, na miche sita ya parachichi kwenye beseni.

"Samahani, dada. Hebu tugeuze majani kwanza."

"Wewe ni wa forodha?" yule mama akauliza, akicheka.

"Mimi ni mfagiaji."

Wakakagua wote wawili, jani kwa jani. Hapakuwa na kitu. Asteria akamsaidia kujitwika beseni, akamwelekeza njia ya kufuata.